Watu wa Seedie

Portsmouth, Uingereza
14 Januari 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta u mzima, presha imetulia, na masikio, kama hayajafunguka, basi angalau hayaumi. Mimi sijambo, ila baridi ya huku haina adabu, inaingia ndani bila hodi. Kazi ya kutunza wazee inaendelea. Kuna bibi mmoja kila nikimwogesha huniuliza natoka wapi. Namwambia Mombasa. Kesho yake ananiuliza tena, na mimi namjibu tena bila kuchoka.

Nina habari. Randu amezungumza na wazee wake, na baba yake, Mzee Kahindi, amekubali waje kwako wakati wa Pasaka. Wataleta kadzama, ule mtungi wa mnazi wa kuulizia mchumba, ingawa kwa kuwa wao ni watu wa kanisa itakuwa kreti za soda. Nafurahi mpaka naogopa. Lakini Randu ameniambia kwamba kabla soda hazijafunguliwa, wazee wa Kigiriama huuliza mbari. Wao watataja ukoo wao, babu kwa babu, na sisi tutaje wetu, ili ijulikane kwamba hakuna damu moja kati yetu. Baba amelala makaburini, kwa hiyo wa kujibu ni wewe. Utawaambia nini?

Nauliza kwa sababu ya jambo lililonipata juzi. Siku yangu ya mapumziko nilikwenda kwenye makumbusho ya manowari za zamani, kukwepa baridi tu. Humo nikaona picha ya wanaume weusi wamekaa kwenye sitaha, vifua wazi, mmoja ameshika sepetu la makaa. Chini yake pameandikwa "Seedies". Jina letu, shangazi! Lile lililo kwenye kitambulisho changu na kwenye kaburi la babu yako. Lakini pale halikuwa jina la mtu mmoja. Wote waliitwa hivyo.

Wewe na baba mlituambia kwamba Seedie ni Sidi, na Sidi ni bwana mkubwa, na kwamba Waingereza walimpa babu jina hilo kwa heshima. Nilisimama mbele ya ile picha mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa. Tafadhali nieleze.

Mwanao,
Linda


Kisauni, Mombasa
6 Februari 2024

Mwanangu Linda,

Marahaba, na marahaba ya pili kwa sababu ya ile baridi. Barua yako ililala kwenye sanduku la kanisa kwa kuwa katibu alikwenda kuzika Taita na funguo kazitia mfukoni. Unasema ningenunua simu kubwa tuandikiane humo. Hii yangu ya mulika mwizi inanitosha, na barua angalau haimfikii Margret wa kwaya kabla haijanifikia mimi. Masikio ni yale yale. Mtu akinisemesha naitikia abee, kumbe ameniuliza bei ya mchicha. Maji ya mfereji yamepotea tena. Mbuzi wa jirani yetu Ismail kaimaliza asumini yangu yote, na nilipokwenda kumshtaki akaapa wallahi mbuzi wake hapendi maua. Huyo Margret anakusalimu, na anauliza kama umeshapata mzungu.

Sasa hayo mengine. Mimi nimekuwa mkunga, nimezalisha nusu ya Kisauni, na sijaona mtoto aliyetoka ameshika jina mkononi. Jina hupewa, na likishapewa ni lako. Babu yangu Thomas Seedie alikuwa mtu mrefu, msafi, anayevaa viatu hata kwenda msalani. Nilikuwa msichana mdogo alipofariki, na kanisa zima lilisimama. Sidi ni bwana. Waarabu ndivyo wasemavyo, muulize Ismail. Nami ndivyo nitakavyowaambia hao wakwe zako, kwamba sisi ni watu wa Sidi, yatosha. Mambo ya makumbusho usiyatie moyoni. Mzungu huandika apendavyo chini ya picha.

Huyo Randu namkumbuka alivyokuja kukuaga. Mpishi wa hoteli ya Shanzu, lakini alikula wali wangu akasifu bila unafiki. Ni kijana mwema. Umeandika kwamba watauliza mbari yetu. Je, yao ni ipi? Hukuitaja.

Vaa soksi mbili.

Shangazi yako,
Dorothy


Portsmouth
25 Februari 2024

Shangazi,

Shikamoo. Navaa soksi tatu. Pole kwa asumini. Barua hii nampa Njeri, tunayefanya kazi pamoja. Anaruka kwenda nyumbani wiki hii na atakufikishia mkononi.

Nimelifuata lile neno. Nilikwenda maktaba ya mji, nikatolewa kamusi kubwa inayoeleza kila neno la Kiingereza lilizaliwa wapi na limepita kwa nani. Seedie limo. Mwanzo wake ni Kiarabu, *sayyidi*, bwana wangu. Hapo umesema kweli. Kisha likavuka kwenda Bara Hindi. Huko palikuwa na makapteni Waafrika walioheshimiwa, nao wakaitwa Sidi. Taratibu heshima ikachujuka. Kila Mwafrika aliyekuwa huko, hata mtumwa, akawa ni Sidi. Kisha manowari za Waingereza zikalikuta bandarini zikalichukua, likawa jina la mtu mweusi yeyote aliyeajiriwa melini, kutupa makaa kwenye tanuri, mahali ambapo mabaharia wa kizungu hawakuweza kustahimili joto. Hawakujisumbua kujifunza majina yao. Wengine waliwabandika majina ya mzaha, ya ndoo na kamba.

Nilikaa pale maktaba nikalia, na nitakwambia kwa nini. Si kwa sababu ya makaa. Kazi ni kazi. Nililia kwa sababu neno lile lina baba, lina babu, na babu wa babu, na watu wameketi miaka na miaka wakiliandikia nasaba yake. Na mimi ninayelibeba nafika kwa mtu mmoja tu, Thomas, halafu ni giza.

Shangazi, usiwaambie wazee wa watu kwamba sisi ni mabwana. Waambie ukweli kwamba sisi ni watu wa misheni, babu yetu alikombolewa baharini, na hatujui alikotoka. Wenzetu wangapi wa Kengeleni, wajukuu wa watumwa waliokombolewa, husema hivyo bila haya? Randu nimeshamwambia, na hakujali hata kidogo. Ulikuwa ukiwaambia wajawazito kwamba mficha uchi hazai. Sasa mbona wewe unaficha?

Mbari yao ni Mwandoro.

Linda


Portsmouth
28 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sijui kama u mzima, maana hujaniandikia tangu Februari, na Njeri ameniapia kwamba barua alikupa mwenyewe, mkononi, ukamkaribisha chai.

Randu amenieleza yaliyotokea Pasaka. Walikuja wazee wanne na mama yake, Mama Kahaso, amevaa leso mpya. Kreti za soda zilibebwa toka Mtopanga kwa mkokoteni juani. Wakafika langoni, wakamkuta Ismail anawangoja na ujumbe kwamba wewe ni mgonjwa, huwezi kuona wageni. Wakarudi na soda zao. Halafu Margret ananitumia picha za kwaya siku ile ile, na wewe umo, mstari wa mbele, mdomo wazi!

Nimejaribu kukutafutia sababu nikashindwa. Imebaki moja, na inanitia uchungu kuiandika. Unawadharau. Umejiona bwana kwa ajili ya neno la kwenye tanuri, ukaona Wagiriama hawatoshi kuketi sebuleni kwako. Nakumbuka ulivyokuwa ukituita tuingie ndani ngoma zao zikipita. Sikuelewa wakati ule, sasa naona naelewa.

Nitarudi nyumbani Agosti. Mimi na Randu tumeamua kuandikisha ndoa ofisini, bila mbari na bila kadzama. Ukitaka kuja utakuja. Usipotaka, nitajua kwamba hata shangazi sina.

Linda


Kisauni
20 Mei 2024

Linda mwanangu,

Marahaba. Sisi sote hatujambo, na leo salamu nitaziachia hapo.

Umeniandikia maneno makali. Yameniuma, lakini sikulaumu. Nilikuacha gizani, na wewe ukapapasa ukashika ulichokishika. Si dharau, Linda. Laiti ingekuwa dharau, ningeitubu Jumapili nikaimaliza.

Babu yangu hakuzaliwa Thomas. Alizaliwa Tinga. Wala hakutoka Nyasa au Uyao kama babu za wenzetu hapa. Alizaliwa mwendo wa miguu kutoka hapa nilipo, bara ya Kilifi, Mgiriama mwana wa Mgiriama. Mwaka wa njaa kuu, baba yake mdogo alimshika mkono akamleta pwani akamweka rehani kwa wachuuzi, naye akachukua mahindi. Wengi walifanya hivyo ili nyumba nzima isife. Ahadi ilikuwa kwamba mvua ikinyesha atarudi kumkomboa. Mvua ilinyesha, na hakuja mtu. Wachuuzi wakamuuza, akapakiwa, na chombo kikakamatwa na manowari. Mtoto hakuwa na wa kurudishiwa, wakabaki naye melini, na alipopata mabega wakampa sepetu. Huko ndiko alikoliokota hilo neno lako.

Walipomteremsha Kisauni alikuwa mwanamume. Akatafuta kwao kwa miguu mpaka akapafika. Mama yake alikuwa hai, na alimjua mara tu alipomwona. Lakini wazee walikuwa wameshamlilia. Hanga lake, yaani matanga, lilikwisha kukaliwa, nywele zilikwisha kunyolewa, na aliyezikwa haingii tena mlangoni. Wao walisema ni mila. Babu alisema ni aibu, kwamba hawakujua watamtazama vipi kila kukicha. Mama yake alimletea maji nje ya ua. Akanywa, akarudi, na tokea hapo akawaambia wanawe: sisi ni Seedie. Aliona afadhali jina la waliomchomesha makaa kuliko la waliomtoa kwa mahindi. Baba yangu alituhadithia mimi na Clifford baba yako mara moja tu, akatukataza tusiseme, na tukanyamaza. Hiyo ya bwana mkubwa tuliiongeza wenyewe, ili tuwe na cha kuwapa watoto. Na ngoma zile zikipita nilikuwa nawaingiza ndani kwa sababu baba yangu alikuwa akituingiza.

Wanasema mwacha asili ni mtumwa. Na aliyeachwa na asili yake, huyo wamwiteje?

Mbari yake ilikuwa Mwandoro.

Nililisoma neno hilo kwenye barua yako nikiwa nimesimama jikoni, na Njeri anakunywa chai. Nilimwambia chai ina pilipili manga nyingi, ndiyo maana natokwa na machozi. Kwa mila zao wewe na Randu ni dada na kaka. Sasa wazee wale ningewaambia nini? Nikisema Sidi, nimekuoza kwa nduguyo kwa uongo, na siku mtoto wenu akiugua watu watatafuta sababu. Nikisema Tinga, nimeivunja ndoa yako kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikaenda kanisani. Niliimba kwa nguvu zote, na kwa kuwa sijisikii, nasikia niliwaharibia wenzangu wimbo.

Sasa umejua. Fanya utakavyo, ila usifanye kwa kutojua.

Dorothy


Portsmouth
16 Juni 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nisamehe. Nimeandika neno hilo mara nyingi nikachana karatasi, maana halitoshi, lakini sina jingine. Nisamehe.

Nilimwambia Randu kwa simu. Alikata simu, na kwa siku kadhaa sikumsikia. Nilikuwa nikiogesha wazee huku natazama simu, mpaka msimamizi akanipa onyo. Kumbe alikwenda kwa baba yake.

Sikiliza alichosema Mzee Kahindi. Anasema katika kutaja ukoo wao, akifika kizazi cha babu yake, anayetaja hunyamaza kidogo kisha akaendelea. Yeye alifundishwa hivyo na baba yake, na baba yake na babu. Alidhani tangu utoto ni mahali pa kuvuta pumzi. Randu anasema mzee alikaa kitako hapo hapo uani, chini, mtu wa miaka ile, akasema, "Kumbe pale pana mtu."

Wazee wamekutana. Wanasema njia ni mbili. Ya kwanza ni kuwapokea watu wa Tinga, sote, tuingie kwenye mbari, na majina yetu yatajwe. Hapo mimi ni dada yake Randu na maneno yamekwisha. Ya pili ni kukata udugu. Huchinjwa kondoo, upande mmoja unashika miguu ya mbele, upande wa pili ya nyuma, anakatwa katikati, na kuanzia hapo pande mbili ni wageni milele. Watu wa Tinga hawatakuwa tena wa Mwandoro, wala hawatadai. Hapo naweza kuolewa.

Maisha yangu yote nimetaka watu. Nimewapata, na naambiwa niwakatae ndipo nimpate Randu. Nampenda, shangazi. Nampenda mpaka najichukia, maana usiku wa kwanza sikumfikiria Tinga hata kidogo, nilifikiria kondoo tu. Lakini Tinga ni babu yako. Wewe ulimjua, ulimwona na viatu vyake. Mimi nilikuwa na neno tu. Kwa hiyo sitafanya lolote bila wewe. Ukisema tupokelewe, nitamwita Randu kaka, nitajifunza.

Linda wako


Kisauni
8 Julai 2024

Linda mwanangu,

Marahaba, na nilikwisha kukusamehe kabla hujaomba, kwa hiyo usichane karatasi zaidi. Maji yamerudi. Mbuzi wa Ismail kazaa mapacha, mimi ndiye niliyeitwa kumzalisha, na ile kesi ya asumini tumeifuta.

Mzee Kahindi alikuja. Safari hii hakuleta soda wala wazee, alikuja peke yake, kavaa kanzu ya kanisani. Hakuingia. Alisimama nje ya ua, akavua kofia, na kwa kuwa aliambiwa mimi ni kiziwi akapaaza sauti mpaka mtaa mzima ukatoka nje. Akasema, "Shikamoo dada. Mimi ni Kahindi wa Mwandoro. Nimekuja kumchukua Tinga. Mvua ilinyesha zamani, tumechelewa."

Linda, sijui nilifikaje langoni. Nilimwitikia marahaba, nikamshika mkono, na tukalia pale kama watoto, Ismail ametuletea viti.

Baadaye yeye na wazee wakanipeleka kwao. Wanawake wamepika, Kahaso kanikalisha karibu naye, kila mtu ananiita shangazi. Kisha Mzee Kahindi akasimama kutaja ukoo. Mimi sisikii, kwa hiyo nilimtazama midomo. Alipofika pale pa kunyamaza hakunyamaza. Nimemwona akitamka, Tinga. Akaendelea na upande wetu, baba yangu, Clifford, mimi, wewe. Nimeishi miaka sabini na minane, na sikuwahi kujiona nikitajwa kwenye kinywa cha mtu namna hiyo.

Walipomaliza wakaniuliza tunachagua njia ipi. Nikawaambia wakate.

Kahaso alinishika bega akaniuliza kwa ishara kama nimeelewa. Nimeelewa. Babu yangu alitolewa kwa sababu watu walikuwa na njaa na yeye alikuwa mdogo, hakuulizwa. Sitakutoa wewe ili mimi nipate mahali pa kukaa. Nimekaa bila wao siku zote hizi, nitajua kukaa. Nawe usiandike kunikataza. Barua zetu unazijua, utafika wewe kwanza, na neno nimekwisha kulitoa.

Kondoo atachinjwa Jumamosi ya pili baada ya wewe kufika. Tinga watamtaja mara ya mwisho, kisha hawatamtaja tena, na hilo nimelikubali mbele yao wote. Kwa sasa mimi bado ni mtu wa Mwandoro. Asubuhi Kahaso huniletea uji, na Mzee Kahindi kila apitapo langoni hupaza sauti, "Shikamoo dada," nami namwitikia. Mitaa miwili inasikia. Sikujua kwamba kusalimiwa tu kungeweza kumfurahisha mtu kiasi hiki.

Miguu ya nyuma nitaishika mimi. Kisu kikipita usinitazame mimi, Linda. Mtazame mumeo.

Shangazi yako,
Dorothy